Upepo wa Mgongoni
Mwendesha baiskeli atokaye peke yake mchana ufukweni Rubafu hupanda vilima vya rweya akisukumwa na upepo wa Ziwa Victoria. Hautaji, maana hausikii. Husema miguu yake ina nguvu. Akigeuka kurudi, upepo uleule humpiga kifuani, hata kwenye mteremko inambidi apige pedali. Hapo ndipo anauona.

Je, kujisifia mlima ule ni uongo? Nadhani ni usahaulifu, nao hudhuru zaidi: nani atatubu asichokikumbuka? Aliyelipiwa ada na shangazi humwita mvivu mwenzake aliyeishia darasa la saba. Soma Kumbukumbu la Torati 8:17, 18.

Kwa majadiliano: Kila mmoja amtaje aliyemsukuma mlimani. Kama yu hai, ameshaambiwa?