AMANA YA MTOTO KATIKA MOTOKAA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya, wanavyuoni wametaja mambo matano ambayo Sharia imekuja kuyahifadhi, nayo ni dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Basi baba amchukuapo mwanawe katika motokaa, huwa amechukua mawili katika matano haya, nafsi na kizazi. Wala si milki yake, bali ni amana aliyowekewa, naye ataulizwa.

Waja wengi husema: "Ajali ni kadari, aliyeandikiwa kufa hufa, na aliyeandikiwa kupona hupona." Neno hili ni la haki, lakini limetiwa mahali pasipo pake. Imepokewa kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume s.a.w. kama amwache ngamia wake pasi na kumfunga na kutawakali, au amfunge. Naye akaamrishwa amfunge, kisha atawakali. Ikiwa haya ndiyo aliyoamrishwa mwenye ngamia, je, mwenye mtoto?

Wengine husema mtoto yu salama mapajani mwa mamake. Na wapime. Motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa ikigonga ikasimama ghafula, pigo lake kwa mwili usiofungwa ni kama la kuanguka kutoka urefu wa mita 10. Na ikisimama katika masafa ya nusu mita, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa uzito wa kilo 200, yaani magunia mawili ya mchele ya kilo mia mia. Hapana mama awezaye kuyazuia kwa mikono, hata awe na mapenzi yaliyoje. Na akijifunga yeye na mtoto kwa mkanda mmoja, mwili wake ndio utakaomponda mwanawe.

Dawa ya haya ni kiti cha mtoto kifungwacho ndani ya gari. Katika Marekani, jimbo la Tennessee ndilo lililotangulia kutunga sheria juu yake, mwaka 1977, kwa juhudi za tabibu wa watoto, Robert Sanders. Na kufika mwaka 1985 majimbo yote 50 yalikwisha kutunga sheria kama hiyo. Serikali ya huko imehesabu ya kuwa kiti hiki, kikitumiwa sawasawa katika motokaa ndogo, hupunguza vifo vya watoto wachanga kwa 71 katika 100, na vya wenye mwaka mmoja hata minne kwa 54 katika 100.

Lakini sharti lake ni hilo neno "sawasawa". Uchunguzi wa mwaka 2011 huko huko ulikuta viti 46 katika 100 vimetumiwa kwa makosa. Wazazi wale walikuwa na mapenzi, na viti walikuwa navyo. Walichokosa ni ilimu. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 wauguzi, askari, wazima moto na wazazi huketi darasani siku kadhaa, wakafunga viti kwa mikono yao mbele ya mwalimu, kisha wakapewa shahada, wakatoka kukagua motokaa za watu na kumfundisha mzazi mmoja mmoja.

Wala asiseme mtu kwamba haya ni ya wageni. Makureshi na makabila walipouendea mji wa Madina katika mwaka wa 5 wa Hijra, Salman Mfursi alitoa shauri la khandaki, nalo ni jambo la Wafursi ambalo Waarabu hawakulizoea. Mtume s.a.w. alilikubali, akawagawia sahaba sehemu za kuchimba, naye akachimba pamoja nao.

Wanavyuoni wa Kishafi wameihesabu ilimu ya utabibu katika fardhi kifaya: baadhi ya watu wakiisimamia, wengine wamevuliwa, na wote wakiiacha, wote wana dhambi. Ilimu hii ya kuhifadhi watoto ni jirani yake. Basi yapasa kila mtaa uteue mwanamume na mwanamke wajifunze, kisha wawafundishe wengine misikitini, vyuoni na majumbani.

Na wafundishe haya: mtoto mchanga aketishwe kiti cha nyuma, uso wake ukielekea nyuma ya gari, kwani kichwa chake ni kizito na shingo yake ni dhaifu, na akae hivyo mpaka apite kipimo cha kiti chake. Kiti hicho kisiwekwe kabisa mbele ya mfuko wa hewa. Mikanda ikazwe hata vidole visiweze kuifinya ikakunjika. Na mtoto mkubwa apewe kiti cha kumwinua, mpaka mkanda wa gari umkalie nyongani na kifuani, si tumboni wala shingoni.

Viti hivi ni ghali. Mwenye wasaa na anunue; na kwa wasio na wasaa, watu wa msikiti wachange viti wavitoe kwa kuazima, kama waazimanavyo masufuria na majamvi ya arusi; ila kiti kilichokwisha kuingia ajalini kisiazimwe. Sharia haimkalifishi mtu lililo nje ya uwezo wake, lakini lililo ndani ya uwezo wake haimsamehe.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wa Waislamu, na awape baba zao ilimu ya kufunga kabla ya kutawakali. Amin.