Bibi Aliyeyatisha Mazimwi: Je, Uongo Waweza Kuwa Wajibu?



Ndugu zangu, ukipita baada ya swala ya isha kwenye hosteli zinazozunguka soko la Kimironko, utasikia panga zikigongana ndani ya simu. Vijana wanacheza gemu. Nyingi zina hadithi moja: kijana mkaidi asiyemtii mfalme wala mzee anashuka shimoni kupigana na mazimwi yaliyomzidi nguvu. Si mtu mwema. Anadanganya, anaiba, haombi radhi. Hata hivyo tunampenda, nami sijitoi. Sitaki kujadili kama gemu ni halali au haramu. Hilo limeshasemwa sana. Nauliza tu: tunapompenda shujaa wa namna hiyo, tunapenda nini hasa? Ushujaa wake, au ruhusa anayotupa ya kutojali mipaka?

Nchi yetu ina mtu wa kweli wa kutusaidia kujibu. Anaitwa Zura Karuhimbi, bibi wa kijijini huko Ruhango, Mkoa wa Kusini. Ukoo wake ulijulikana kwa dawa za mitishamba, na wengi walimdhania mchawi. Yalipotokea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, alificha watu zaidi ya 100 kwenye kijumba chake: chini ya kitanda, kwenye dari, na inasemekana hata kwenye shimo shambani. Wauaji walikuja na mapanga. Yeye alikuwa mzee, hana bunduki. Alichokuwa nacho ni sifa mbaya tu, naye akaitumia. Aliwapaka majani yanayowasha ngozi, akatikisa bangili zake, akawaonya kwamba wakiingia mizimu itawageukia. Waliogopa, wakarudi walikotoka.

Tazameni jinsi hadithi ilivyopinduka. Katika gemu, zimwi limo shimoni na shujaa anashuka kuliua. Kwa Zura, waliokuwa mafichoni ni wasio na hatia, na mazimwi yalikuja kwa miguu, yana sura za majirani.

Mwaka 2006 serikali ilimtunuku nishani. Alifariki Desemba 2018. Na baada ya hatari kupita alisema wazi kwamba hakuwa mchawi: alimwamini Mungu, na habari za nguvu za uchawi zilikuwa kisingizio cha kuokoa watu.

Sasa twende kwenye fiqhi. Nilipoitaja habari hii, mwenzangu mmoja alipinga, na hoja yake si nyepesi. Uchawi ni miongoni mwa mambo saba yanayoangamiza, kama tulivyofundishwa katika hadithi. Lengo jema halisafishi njia chafu. Tukianza kuwasifu wanaojidai wachawi kwa nia njema, tutaishia wapi?

Nadhani jibu lipo katika vitu tunavyovisoma kila siku. Aya ya 106 ya Suratun-Nahl inamtoa katika lawama aliyelazimishwa kutamka ukafiri huku moyo wake umetulia katika imani, na wafasiri wanaitaja pamoja na kisa cha Ammar bin Yasir (r.a.). Imam Ghazali, katika Ihya, anaeleza kwamba maneno ni njia ya kufikia makusudio. Kusudio jema likifikiwa kwa ukweli, uongo ni haramu. Lakini kusudio likiwa ni wajibu na ukweli hauwezi kulifikia, basi uongo wenyewe unakuwa wajibu, na mfano wake ni mtu aliyejificha kumkimbia dhalimu. Anayesema kweli mlangoni pale ameshiriki kumwaga damu. Zura hakuufanya uchawi. Alitumia hofu waliyokuwa nayo wauaji wenyewe. Na kwa aya ya 32 ya Suratul-Maida, kila mmoja aliyemficha ni kana kwamba aliwaokoa watu wote.

Lakini nisiishie hapo, maana hapo ndipo wengi wetu tunapopenda kuishia. Neno "darura" limekuwa tamu midomoni mwetu. Mtu anamsainia rafiki yake mahudhurio: darura. Anamlipa mwingine amwandikie tasnifu: darura. Anamzika bibi yake mara ya pili ili aongezewe siku za kukabidhi kazi: darura. Huyo ni yule kijana wa gemu, anavunja mipaka kisha anajiita shujaa.

Mkumbukeni Nabii Ibrahim (a.s.). Alisimama peke yake mbele ya watu wake na masanamu yao, na mbele ya mfalme dhalimu alimwita mkewe Sara dada yake ili kumlinda. Wanazuoni wanasema maneno yake yalikuwa na maana mbili, hayakuwa uongo halisi. Pamoja na hayo, katika hadithi ya shafaa iliyopokewa na Bukhari na Muslim, watu watakapomwendea siku ya Kiyama atayakumbuka maneno yale na kuona haya kuwaombea. Mja aliyeruhusiwa bado anahisi uzito wake. Sisi tusioruhusiwa tunacheka.

Kwa hiyo ukaidi si sifa wala si aibu peke yake. Iblisi alikuwa mkaidi, na Ibrahim naye aliwakaidi watu wake. Iblisi alikaidi kwa sababu ya nafsi yake: mimi ni bora kuliko yeye. Ibrahim alimkaidi kiumbe ili amtii Muumba. Na bibi wa Ruhango, nyuma ya mlango wake walikuwemo watu. Uongo wake haukumpa chochote. Ulimgharimu jina lake na ungeweza kumgharimu maisha yake. Hatari ilipokwisha, akauvua. Wanasheria wetu wanasema darura hupimwa kwa kiasi chake, na sijaona mfano ulio wazi zaidi ya huu.

Basi, ndugu yangu, siku ukitaka kuvunja mpaka ukasema ni darura, geuka kwanza uangalie nyuma ya mlango wako. Kama humo umo wewe peke yako, funga mdomo wako na useme kweli inayokuumiza.

Allah atujaalie ujasiri wa kuwalinda wanyonge na ukweli wa kujihesabu wenyewe. Wabillahi tawfiq.