Uaminifu kwa Chombo

Je, tendo ambalo madhara yake hayaonekani laweza kuitwa kosa? Swali hili ni la kale, lakini helikopta hulifafanua vizuri.

Injini ya helikopta imewekewa mipaka na walioiunda: mpaka wa joto, wa kasi na wa nguvu. Nguvu kuu ya kupaa huruhusiwa kwa dakika chache tu. Tena, kila injini inapowashwa na kuzimwa, chuma chake hupata moto kisha hupoa, na uchovu wake huongezeka pasipo kuonekana. Kwa hiyo fundi huhesabu katika daftari saa za kuruka na mara za kuwashwa, na kipande kilichotimiza hesabu yake huondolewa hata kama kingali kinang'aa.

Sasa mfikirie rubani apaaye kutoka Homa Bay mchana wa jua kali. Mji huo u kando ya ziwa, lakini ziwa lenyewe li zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi, na injini hutaabika. Mzigo ni mzito. Rubani apita mpaka wa joto kwa sekunde kadhaa, akafika Migori salama. Chombo chake ni cha zamani, hakina mtambo wa kujiwekea kumbukumbu. Akiandika, helikopta itazuiwa ikaguliwe, naye ataulizwa. Asipoandika, hapana ajuaye.

Wako wasemao kwamba hakuna aliyeumia, basi hakuna kosa. Hoja hiyo ina upungufu. Madhara yameahirishwa tu. Yamelala ndani ya chuma yakimngoja rubani mwingine, atakayeliamini daftari kama msafiri aaminivyo daraja. Aliyenyamaza amekopa, na deni atalilipa asiyemjua. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa mficha ni mmoja, na afaye ni mwingine.

Tarehe 10 Juni 2012, helikopta ya polisi iliyokuwa ikielekea Ndhiwa, Homa Bay, ilianguka Ngong. Watu sita walikufa, miongoni mwao Waziri George Saitoti na waziri msaidizi Orwa Ojode, mbunge wa Ndhiwa. Insha hii haihukumu chanzo cha ajali ile. Yakumbusha tu thamani ya roho zipandazo chombo.

Wala jambo hili si la marubani peke yao. Kamba katika mashimo ya dhahabu ya Macalder, Migori, na injini ya mashua ya mvuvi, vina mipaka yake. Kijana msomaji, yamkini hutarusha helikopta, lakini siku moja utashika daftari. Andika yaliyo kweli, kwa maana atakayelisoma ameuweka uhai wake katika kalamu yako.