Swichi ni Mimi

Watu wakisikia nina Glock 17 mpya huuliza bei na shabaha. Shabaha iko, sawa. Kinachonisumbua ni kwamba haina swichi ya nje ya kuifunga. Imeundwa isijifyatue ikianguka, lakini usalama ninaougusa mimi ni kijisehemu kwenye triga, kinachobonyezwa na kidole kilekile kinachofyatua. Jambazi hatakungoja utafute swichi, wanasema. Kweli. Basi swichi ni mimi, mtu anayetukana matatu ikimkatia njia Thika Road. Cheti cha tabia njema kinasema sina kesi. Hakisemi nikikasirika huwa vipi. Kwa sasa mguu wa kuku unalala kwenye sefu, chemba tupu, na mke wangu amehamia chumba cha watoto.