Kuandikwa si Kuambiwa

Desemba 2021, kompyuta kuu ya Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, ilipoteza takriban terabaiti 77 za data za watafiti. Sasisho la programu ya kuhifadhi nakala lilikuwa na kasoro. Kampuni iliyolitoa ikakiri kosa na kuomba radhi.

Lakini vituo vingi vya aina hiyo hufuta faili mara kwa mara bila kumwomba radhi yeyote. Diski ya muda husafishwa: faili isiyoguswa kwa wiki kadhaa huondolewa. Mwanafunzi akilalamika, hujibiwa, “Mbona iliandikwa kwenye mwongozo?”

Je, kuandika kunatosha? Kufuta kwenyewe ni haki. Diski ni ya wote, na anayeijaza huwanyima wenzake. Mtumiaji naye ana wajibu wa kusoma. Ila mwandishi anajua hatari iliko, ilhali msomaji hajui hata kama ipo. Onyo lililozikwa katika aya ya arobaini humlinda aliyeliandika tu.

Ndiyo maana naona kutunza mwongozo ni kazi ya kimaadili kabla ya kuwa ya kiufundi. Kipimo chake ni kimoja: je, mgeni wa siku ya kwanza ataliona onyo kabla hajapoteza kazi yake?