Siri ya Fundi na Haki ya Mwanafunzi

Kila taifa linalojenga utamaduni wake hukabiliwa, mapema au baadaye, na swali hili: je, ujuzi ni mali ya mtu, kama shamba na nyumba zilivyo mali yake, au ni amana ya wanadamu wote, ambayo kila kizazi huipokea na kuikabidhi kwa kizazi kifuatacho? Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Linamhusu mchongaji wa Kimakonde, mbanguaji wa korosho wa Newala, na mvuvi wa Msimbati aliyefundishwa na baba yake namna ya kuyasoma maji ya mlango wa Mto Ruvuma. Na siku hizi swali hilo hilo linayagonganisha mataifa makubwa ya dunia. Katika makala haya tunakusudia kulijadili kutoka kusini, Mtwara, kwa sababu tunaamini kwamba mambo yaliyotokea huku yanaweza kutusaidia kuupima ugomvi wa wakubwa kwa kipimo chetu wenyewe.

Kwanza tueleze ugomvi wenyewe. Silikoni ni kitu kinachotokana na mchanga. Husafishwa mpaka isibaki takataka yoyote, ikakatwa vibamba vyembamba, kisha juu ya vibamba hivyo huchorwa kwa mwanga njia za umeme ambazo jicho haliwezi kuziona. Kazi hii ndiyo inayotoa semikondakta, au chipu kama wengi wanavyoziita. Chipu moja isiyozidi ukucha kwa ukubwa yaweza kubeba transista kwa mabilioni, na bila ya chipu hakuna simu, hakuna kompyuta, wala hakuna kombora liendalo mbali. Nchi ziwezazo kutengeneza chipu zilizo bora kabisa ni chache mno. Kampuni ya TSMC ya Taiwan, iliyoanzishwa mwaka 1987, ndiyo inayoongoza katika utengenezaji huo. Na mashine za kuchora njia zilizo nyembamba kupita zote hutengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi.

Kwa kuwa wenye ujuzi huo ni wachache, imekuwa rahisi kuugeuza silaha. Mwaka 2019 Marekani iliiwekea kampuni ya Huawei ya China vizuizi vya biashara. Mwezi Oktoba 2022 ikazuia kuuziwa China chipu za hali ya juu pamoja na mitambo ya kuzitengenezea. Mwaka uliofuata Japani na Uholanzi nazo zikaweka vizuizi vyao. China ilijibu mwaka huo huo wa 2023 kwa kutaka vibali maalumu kabla ya kuuza nje galiamu na jemaniamu, na baadaye madini ya kinywe. Marekani inasema kwamba ujuzi wake umeibwa. China inasema kwamba mlango unafungwa ili wengine wasiendelee. Kila upande unazungumza lugha ya haki.

Lakini hebu tuitazame historia. Katika karne ya 18 Uingereza ilikuwa na sheria za kuwazuia mafundi wake wa viwanda vya nguo kuhama nchi, na kuzuia mitambo yao isipelekwe ng'ambo. Mwaka 1789 kijana Mwingereza, Samuel Slater, alisafiri kwenda Marekani akiwa ameihifadhi mitambo hiyo kichwani mwake, akaijenga upya huko. Waingereza walimwona msaliti. Wamarekani walimheshimu kama mwanzilishi wa viwanda vyao. Transista nayo ilibuniwa Marekani mwaka 1947, katika maabara za Bell. Mwaka 1952 leseni za ujuzi huo zilianza kuuzwa kwa makampuni ya Marekani na ya nchi za nje, na miongoni mwa walionunua baadaye ilikuwamo kampuni changa ya Kijapani ambayo leo tunaijua kwa jina la Sony. Wajapani walijifunza vizuri mno, hata ilipofika mwaka 1986 Marekani ikawabana kwa mapatano ya biashara ya semikondakta.

Inaonekana, basi, kwamba aliye nyuma huuita ujuzi mali ya wote, na aliyetangulia huuita mali yake. Akipita mbele yule wa nyuma, naye hubadili maneno. Hatusemi haya kwa kuwacheka wakubwa, wala hatusemi kwamba wizi si wizi. Tunasema tu kwamba maneno ya mtu aliye katikati ya mashindano hayatoshi kuwa kipimo cha haki. Yatupasa kutafuta kipimo mahali pengine.

Jamii za kusini mwa nchi yetu, Wamakonde, Wayao, Wamwera na wengineo, zinaijua siri. Jando na unyago vilikuwa shule zenye mambo ambayo asiyepita hakuambiwa, na aliyeyatoa nje alistahili adhabu. Mtu wa haraka aweza kusema kwamba wazee wetu nao walikuwa wachoyo wa maarifa. Sivyo. Siri ya jando ilifichwa kwa mtoto mpaka awe tayari kuibeba, na siku yake ilipofika alifundishwa yote kwa nyimbo, mafumbo na vitendo. Mwalimu aliyekufa bila ya kuikabidhi alihesabiwa kuwa amepoteza mali ya ukoo. Siri hiyo ilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na wakati wake wa kufunguliwa. Katika uchongaji ilikuwa vivyo hivyo. Kijana alikaa karibu na fundi, akaanza kwa kazi za kusugua na kung'arisha, akajua tabia ya mpingo kabla ya kukabidhiwa patasi, na mwishowe akachonga lake.

Twaweza kusema, basi, kwamba kuna siri za namna mbili: ile inayomngojea mrithi, na ile inayomzuia jirani. Ya kwanza huulinda ujuzi usiharibiwe na wasioujua. Ya pili humlinda mwenye nacho asipitwe. Sheria za hataza, zinapotumiwa kwa wema, huelekea kwenye siri ya namna ya kwanza: mbunifu hueleza wazi alichokibuni, hulindwa kwa muda wa miaka 20, na baada ya hapo kila mtu aweza kukitumia. Hapo mlango una wakati wake. Bali amri isemayo kwamba taifa fulani lisijue kamwe, hata likiwa tayari kulipa na kujifunza, ni ya namna ya pili. Huenda ikatetewa kwa hoja ya usalama, na hoja hiyo ina uzito pale silaha zinapohusika. Lakini isiitwe ulinzi wa haki ya mbunifu, kwa maana mbunifu hapo ameshasahauliwa.

Hata hivyo tusije tukadhani kwamba ujuzi ukiwa amana ya wote, basi kila mtu ana ruhusa ya kunyakua. Sisi wenyewe tumenyakuliwa. Vinyago vya Kimakonde vimeenea duniani, na katika miaka ya 1950 wachongaji wetu walibuni mitindo iliyoshangaza watu: ule wa ujamaa, unaohusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, ambamo watu wamebebana katika gogo moja, na ule wa shetani, unaohusishwa na Samaki Likankoa. Je, wangapi kati ya wenye vinyago hivyo majumbani mwao Ulaya wanayajua majina hayo? Kinyago huuzwa kwa jina la kabila, kana kwamba kabila zima lilishika patasi. Na mti mweupe uliopakwa dawa ya viatu huuzwa kwa jina la mpingo, mchongaji wa kweli akakosa riziki. Mwaka 1984 kinyago cha kuvaa usoni cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kikaja kuonekana katika jumba la makumbusho la Barbier-Mueller mjini Geneva, na hakikurudishwa kwetu mpaka mwaka 2010. Aliyeyaona hayo hawezi kusema kwamba haki ya fundi ni jambo la kubuniwa na mabepari tu. Fundi ana haki ya jina lake, na ana haki ya ujira wake. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 imezitambua haki hizo.

Lakini haki hiyo ina mpaka. Hakimiliki hulinda kinyago kilichochongwa, haiulindi mtindo. Kama Likankoa angeweza kuwakataza wengine wote wasichonge mashetani, George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, asingewachukua mashetani hao na kuwatia rangi katika michoro yake iliyoonyeshwa nchi nyingi. Sanaa yetu ingekufa pamoja na mtu mmoja.

Tumesema juu ya wajibu wa fundi. Sasa tuseme juu ya wajibu wa mwanafunzi, na hapa korosho itatufundisha.

Mkorosho si mti wetu wa asili. Wareno waliuleta kutoka Brazili, nasi tukaufanya wetu. Katika msimu wa 1973/1974 nchi yetu ilivuna zaidi ya tani 140,000. Katika miaka ya 1970 Serikali iliona, na iliona sawasawa, kwamba kuuza korosho ghafi ni kuuza kazi za watoto wetu. Kwa mikopo ya Benki ya Dunia vikajengwa viwanda 12 vya kubangulia, vyenye mitambo ya Kiitalia na ya Kijapani. Lakini viwanda vilipokamilika korosho zenyewe zilikuwa zimeadimika. Wakulima walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia. Msimu wa 1986/1987 haukufikisha tani 20,000. Mitambo nayo ilizivunja korosho nyingi mno, ilhali mnunuzi hulipa bei nzuri kwa korosho nzima. Vipuri vilitoka nje, na fundi wa kuibadili mitambo ili iifuate korosho ya kwetu hakuwapo. Viwanda vingi vikasimama, na vingine vikageuka maghala.

Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri matako. Tulinunua chuma tukadhani tumenunua ujuzi. Hakuna mtu aliyetunyima hataza. Hakuna taifa kubwa lililotuwekea vizuizi. Mlango ulikuwa wazi, na mitambo ikapita, lakini ujuzi haukupita, kwa sababu ujuzi hukaa katika mikono na vichwa vya watu, na watu hao hawakuandaliwa kwa kiasi cha kutosha. Vietnam ilianza kubangua baada yetu. Mafundi wake walianza kwa mashine za mkono na mguu, wakazirekebisha, wakabuni zao wenyewe; na tangu mwaka 2006 nchi hiyo inaongoza duniani kwa kuuza korosho zilizobanguliwa, zikiwamo nyingi zilizotoka ghafi kwenye bandari ya Mtwara.

Tusikate tamaa, maana huku huku Mtwara kuna mfano wa pili. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele kiliufuatilia ubwiriunga miaka mingi, kikaonyesha matumizi ya unga wa salfa, kikachagua mbegu bora na kuwafundisha wakulima. Hayo yalifanywa na watu waliobaki hapo, wakaijua mikorosho kama mchongaji aujuavyo mpingo. Katika msimu wa 2017/2018 mavuno yalipita tani 300,000. Ujuzi uliokaa umezaa matunda. Mitambo iliyopita imeacha majengo.

Haya yana maana kubwa kwa sasa, kwa sababu ugomvi wa wakubwa umekwisha kufika kwetu. Kinywe, madini yale yale ambayo China iliyawekea masharti mwaka 2023, yamo Ruangwa katika Mkoa wa Lindi, na ng'ambo ya Ruvuma huko Balama, Msumbiji, yalianza kuchimbwa mwaka 2017. Hutumika katika betri, na yakisafishwa sana hutumika ndani ya tanuri zinazoyeyushia silikoni. Watakuja wenye kuyataka kutoka pande zote mbili, na kila mmoja atatuambia kwamba mwenzake ni mwizi. Swali letu kwao lisiwe ni nani anayelipa zaidi kwa tani peke yake. Liwe pia: nani atakaa na vijana wetu mpaka wajue kuyasafisha? Nasi tujiulize wenyewe kama vijana hao tumewafunza hesabu na kemia za kuwawezesha kukaa na fundi huyo. Mapatano ya Shirika la Biashara Duniani yameziruhusu nchi zilizo nyuma kimaendeleo, na yetu imo, kutofungwa na sehemu kubwa ya masharti ya hakimiliki na hataza mpaka Julai 2034. Ruhusa hiyo ni ya muda, na haimfundishi mtu asiyejifunza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, alieleza kwamba kazi ya elimu ni kukirithisha kizazi kipya busara na maarifa yaliyokusanywa na jamii. Sisi tunaongeza kwamba wajibu huo unavuka mipaka ya jamii moja. Fundi apewe jina lake na ujira wake, kwa muda unaojulikana. Baada ya hapo afungue mlango. Mwanafunzi naye asiingie kama mwizi, wala asibaki nje akilalamika hali mlango u wazi. Taifa lisilotimiza wajibu wa kwanza ni dhalimu, hata likiwa na sheria zote upande wake. Taifa lisilotimiza wajibu wa pili litaendelea kupakia magunia ya korosho ghafi melini, na baada ya korosho, magunia ya kinywe.