Msitu Usioingiwa Bila Hodi

Kaya Kinondo iko karibu kabisa na ufuo, kusini ya Diani, kule Kwale, pwani ya Kenya, mahali ambapo kiwanja cha kujenga hoteli kinamtoa mnunuzi jasho. Msitu wake bado umesimama. Mzee aliyetupokea alitufunga kaniki kiunoni, wanawake kwa wanaume, akatupa masharti: simu mfukoni, hakuna kubusiana, hakuna kutoka na kitu, hata kijiti kikavu. Kisha akageukia miti na kuwaeleza waliomo kwamba wageni wamefika. Hakupaza sauti wala hakuigiza. Alisema kama mtu apigavyo hodi kwa jirani anayejua yumo ndani.

Wamijikenda, makabila tisa, husimulia kwamba wahenga wao walitoka Shungwaya wakikimbia vita, wakajificha katikati ya misitu ya pwani. Kijiji, yaani kaya, kikakaa katikati, msitu ukawa ukuta. Fingo, kinga ya kabila zima, likafukiwa ardhini, na wafu wakazikwa humo humo. Baadaye walio hai walihamia mashambani, nyumba wakawaachia koma, roho za waliotangulia. Mwaka 2008 UNESCO iliyaingiza baadhi ya makaya hayo katika orodha ya urithi wa dunia. Heshima kubwa, lakini ilichelewa: kwa miaka mingi miti hiyo ililindwa na wazee wasio na mshahara, bunduki wala uzio.

Kulindwa kwa hofu? Ndiyo, hofu imo. Lakini mtu haogopi tu kwa babu yake. Huona haya pia. Ukikata mti wa kaya, umemvunjia mtu heshima, na mtu huyo anakujua kwa jina la ukoo.

Kiswahili chenyewe kinajua zaidi yetu tunaokisema. Mti, mto, mlima, moto, moyo: vyote vinakaa ngeli moja. Mzimu, ikiwa mingi, ni mizimu. Hata miungu, ingawa huongea kama watu katika sentensi, kiambishi chake ni kile kile cha miti. Wataalamu wa sarufi wana maelezo yao, nami siwaingilii. Nasema tu kwamba kuna watu zamani waliosikia mto na moyo ikipiga hodi mlango mmoja.

Najua wapo watakaosema kuwapigia koma hodi ni shirki. Wadigo, wenye Kaya Kinondo, wengi wao ni Waislamu, na wazee wa Kinondo si wageni msikitini. Sijaona haja ya kuwaamulia. Mkoloni yeye aliamua haraka. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, aliwaapisha Wagiriama, mojawapo ya yale makabila tisa, wasikubali kazi za serikali wala kodi, na mwaka uliofuata Waingereza wakailipua kaya yao, Kaya Fungo, kwa baruti. Mtu hapotezi baruti kwa ushirikina mtupu. Walijua humo mna utawala.

Walichoshindwa kwa baruti, wengine walifanya kwa fedha. Kigango ni gogo lililochongwa kwa ajili ya mwanachama aliyefariki wa Gohu, chama cha wazee, likasimikwa bomani. Halihamishwi. Familia ikihama, kigango hubaki kikiliwa na mchwa taratibu, maana kuoza ni sehemu ya safari yake. Vijana walivichomoa usiku, madalali wakavinunua, na baada ya muda vikawa vimesimama kwenye vyumba vyenye viyoyozi Marekani, vikilindwa dhidi ya mchwa! Mwaka 2007 viwili vilirejeshwa kutoka huko. Sijui neno la Kiswahili la kumwelezea mtu anayeiokoa roho ya mwenziwe isife ilhali yeye ndiye aliyeiteka.

Linaloniuma zaidi si la Marekani. Kilifi, wazee wanauawa kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi nyuma ya neno hilo kuna shamba. Mvi zimekuwa kosa. Huko Ganze kuna makao ya Kaya Godoma yanayowapokea wazee waliowakimbia watoto wao wenyewe. Zamani kaya iliwaficha watu wasionwe na maadui wa mbali. Leo mzee anakimbilia kaya akimkwepa mjukuu aliyemlea. Na anapouawa mzee mmoja wa msitu, hakuna wa kuwaeleza waliomo kwamba wageni wamefika. Wageni wataingia tu, na shoka.

Tulipotoka, mzee alitufungua kaniki moja moja, akazikunja. Nilikuwa nimeshapiga hatua tatu kuelekea gari aliponiita na kuinamia mguu wangu. Jani dogo, la kahawia, lilikuwa limenasa kwenye ukanda wa kiatu. Hakunikaripia. Alilibandua kwa vidole viwili, akarudi nalo hadi kivulini, akaliweka chini.